Sanduku la barua: Mtihani wa vijidudu umekaribia, nishike wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa udaktari, uklinika, uuguzi na maabara, kuanzia Kisumu na Kakamega mpaka Njoro, na karibu zote zinalia na kitu kimoja, maikrobayolojia na magonjwa ya kuambukiza. Nimechagua chache, zingine nimezifupisha, na kwa vile hili ni somo ninalolifundisha na ninalipenda sana nitajibu kwa urefu pale panapodai urefu.

Bakteria zote zimekuwa moja kichwani

*Habari daktari. Niko mwaka wa 4 hapa Kisumu, mtihani ni wiki 6 zijazo. Nimesoma noti zote za bakteria nikamaliza, nikarudia, lakini nikiulizwa swali zote zinachanganyikana. Sijui nianze upya ama nifanyeje, nisaidie tafadhali.*

Pole sana, na hizo noti usizitupe bado. Hii shida naiona kwa wanafunzi wengi, mnasoma bakteria moja moja kama majina ya rejista, leo Staphylococcus kesho Streptococcus keshokutwa Klebsiella, na mtihani hauulizi hivyo, na mgonjwa naye haji hivyo. Mtu anayeingia kasualti pale Jaramogi, ile hospitali watu bado wanaiita Russia, anakuja na homa, ama kikohozi, ama shingo imekaza, na swali la mtihani linaanza vilevile, mtoto wa miaka 2, homa siku 3, degedege mara moja. So geuza daftari. Kila ukurasa uwe wa shida ya mgonjwa, halafu vijidudu viingie chini yake.

Tuchukue homa ya uti wa mgongo tuitembee yote, ukishaiona njia utafanya mwenyewe kwa nimonia, kuhara, vidonda na mkojo. Cha kwanza ni umri. Mtoto mchanga wa wiki ya kwanza fikiria Streptococcus agalactiae, E. coli na zile zinazofanana nayo, na Listeria, na hizi nyingi anazipata kwa mama, ndio maana dawa za kuanzia ni penisilini ama ampisilini pamoja na gentamaisini. Akishapita miezi 3 hivi picha inabadilika, sasa ni Streptococcus pneumoniae, Haemophilus influenzae aina ya b na Neisseria meningitidis, na dawa ni seftriaksoni. Hapo kumbuka chanjo, manake Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya Hib, yaani hiyo Haemophilus ya aina ya b, mwaka wa 2001 na dhidi ya pneumokokasi, yaani hiyo Streptococcus pneumoniae, mwaka wa 2011, so swali likisema mtoto hajachanjwa, mtungaji ana kitu anakuonyesha, kitafute.

Halafu mtu mzima mwenye virusi vya ukimwi, CD4 (zile seli za kinga) chini ya 100, kichwa kinamuuma wiki 2 au 3, homa ndogo, shingo hata haijakaza sana. Huyo fikiria Cryptococcus, ambayo ni kuvu, kabla ya kitu kingine. Kipimo ni antijeni ya kriptokokasi, ama wino wa India uone yale maganda meupe yanazunguka seli kwenye giza. Presha ya maji ya uti wa mgongo iko juu, na kuyatoa kwa sindano mpaka presha ishuke ni sehemu ya matibabu yenyewe, hilo wanafunzi wanalisahau sana na linaua watu wodini. Tangu 2022 WHO inapendekeza amfoterisini ya liposomu dozi moja kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, na ARV zinasubiri wiki 4 mpaka 6. Ukiandika kwamba unaanza ARV siku hiyohiyo umempoteza mgonjwa na alama pia.

Sasa maji yenyewe. Bakteria za kawaida zinaleta nutrofili nyingi, aina moja ya seli nyeupe, sukari inashuka, protini inapanda. Kifua kikuu kinaleta limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, sukari chini, protini juu sana. Virusi vinaleta limfosaiti lakini sukari inabaki karibu kawaida. Na sukari ya maji hayo haina maana kama hujapima ya damu saa hiyohiyo, manake unalinganisha mbili, andika hilo kwa jibu lako kila mara.

Ukishamaliza na mgonjwa ndio uende kwa benchi ya maabara, na hapa kuna mlango mmoja mkubwa, rangi ya Gram. Mdenishi Hans Christian Gram aliitoa mwaka wa 1884 na mpaka leo ndio kitu cha kwanza tunafanya. Usiishike kama wimbo, elewa kila hatua inafanya nini. Kristali vayoleti inaingia kwa kila bakteria, zote zinakuwa zambarau. Iodini inaishika ile rangi ikawa vipande vikubwa ndani. Halafu alkoholi ama asetoni, hii ndio hatua yenye kesi, bakteria za ukuta mnene wa peptidoglaikani zinabaki na rangi, zile za ukuta mwembamba zinaipoteza, mwishowe safranini inazipaka pinki. Ukiacha alkoholi sekunde nyingi hata Gram chanya zitatoka pinki, na swali la namna hii ni zuri sana kwa mtihani wa vituo, ule wa kuzunguka kituo hadi kituo kwa dakika chache, wanakupa slaidi ya usaha, vishada vya duara, lakini vyote pinki, wanauliza ni nini kimetokea. Pia jua zile rangi hii haizifikii vizuri na kwa nini, Mycobacterium ina nta kwa ukuta, Mycoplasma haina ukuta kabisa, Treponema ni nyembamba mno, Chlamydia inaishi ndani ya seli.

Kutoka hapo matawi ni machache kuliko unavyodhani. Duara za Gram chanya, uliza katalesi, kimeng'enya kinachotoa povu kwenye peroksidi. Ikitoa povu ni Staphylococcus, uliza koagulesi, chanya ni aureus. Isipotoa povu ni Streptococcus ama Enterococcus, angalia inafanya nini kwa aga ya damu (aga ni chakula cha kuoteshea bakteria), ikiyeyusha damu yote uliza basitrasini, pyogenes inakufa, agalactiae inabaki, na ikiacha ule ukijani uliza optokini, pneumoniae inakufa, viridans inabaki. Vijiti vya Gram hasi, aga ya MacConkey, E. coli na Klebsiella zinakula laktosi zinatoka pinki, Salmonella, Shigella, Proteus na Pseudomonas haziili zinabaki bila rangi, na kati ya hizo nne Pseudomonas ndio yenye oksidesi chanya. Chora huu mti kwa karatasi tupu bila kuangalia, kesho uchore tena, baada ya siku 3 tena, baada ya wiki tena. Kusoma ukurasa ukiutazama kunakupa raha tu, kuuchora ukiwa umefunga daftari ndio kunakaa.

Natumia maswali ya Marekani kwa simu, yanatosha?

*Daktari, mimi nasomea Njoro. Rafiki zangu wote tunatumia programu ya maswali ya Marekani, maelfu ya maswali, na nayapata vizuri asilimia kubwa. Lakini mtihani wa majaribio nilipata alama za chini sana. Shida ni nini?*

Programu haina ubaya, inakuzoesha kusoma swali haraka, na mambo ya ukuta wa bakteria ni yaleyale Marekani na Njoro. Lakini yale maswali yametungwa kwa wagonjwa wa kule. Unajua kupe wa Connecticut na ugonjwa wa Lyme vizuri sana, halafu mtihani unakuletea kijana wa Marigat, homa miezi 2, amekonda, wengu umefika kitovuni, damu imepungua, seli nyeupe na chembe sahani nazo ziko chini, wewe unaandika lukemia. Huyo ni kalaazar. Baringo ni jirani yako hapo, mtu anapanda matatu Nakuru anafika. Inaletwa na Leishmania donovani, inabebwa na usubi Phlebotomus martini anayekaa kwenye vichuguu vya mchwa, na ndio maana mtungaji akikuambia kijana huchunga mbuzi na hupumzika karibu na kichuguu amekupa jibu mkononi. Kipimo cha haraka ni rK39, na chini ya darubini, kwenye majimaji ya wengu ama uboho, unaona amastigoti, yaani vimelea vyenyewe, zimejaa ndani ya makrofaji, seli za kinga, vitu vidogo vya duara na kila kimoja kina nukta kubwa na kijiti kidogo pembeni. Hicho kijiti ndio kinakutofautishia na Histoplasma, angalia vizuri. Matibabu kwetu ni sodiamu stibogluconate pamoja na paromomaisini, sindano siku 17.

Halafu homa ya Bonde la Ufa, hii ni ya kaunti yako kabisa. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1931 baada ya kondoo kufa na kutoa mimba kwenye shamba karibu na ziwa Naivasha. Mbu wa Aedes wanataga mayai yenye virusi tayari, yanakaa kwenye udongo mkavu hata miaka, mvua kubwa ikija mabonde yakajaa maji yanaanguliwa, ndio maana milipuko mikubwa ya Kenya ya 1997 na 2006 ilikuja na mafuriko. Kwa swali tafuta vitu vitatu vinavyokaa pamoja, mvua nyingi, mifugo inatoa mimba, na mtu aliyechinja ama kushika damu ya mnyama. Wengi wanapata homa tu na kupona, wachache wanatoka damu, wengine ini, wengine ubongo, wengine macho yanaharibika wiki kadhaa baadaye, na hayo ya macho ndio watunzi wanayapenda.

Usiache brusela. Mtu anakunywa maziwa bila kuchemsha, homa inakuja inaenda, mgongo na viungo vinauma, ametibiwa malaria na taifodi mara kadhaa bila nafuu. Vijiti vifupi sana vya Gram hasi, vinaota polepole, na lazima uwaambie watu wa maabara unachoshuku manake inaambukiza hata kwa kunusa sahani. Doksisaiklini na rifampisini wiki 6, dawa moja peke yake inarudisha ugonjwa.

Na ukienda upande wa Mlima Elgon kuna Marburg, wagonjwa wa kwanza wa 1980 na 1987 wote walikuwa wametembelea upande huo na pango la Kitum linatajwa kwa wote wawili. Popo wa matunda Rousettus aegyptiacus ndio wanaoibeba. Kwa mtihani wa hapa jua hivi, jua na wapi umtenge mgonjwa, na kwamba sampuli yake haipelekwi maabara ya kawaida kama sampuli zingine.

Kichocho nitakisema kwa sababu mnakikosea kila mwaka. Pale ufukweni Kisumu utaona vijana wanaosha magari, gari limeingia mpaka maji yanafika katikati ya gurudumu, kijana naye miguu iko ndani ya ziwa kutwa nzima. Kuna utafiti mwingi wa kichocho umefanywa na hao vijana. Kwa ziwa letu ni Schistosoma mansoni, konokono ni Biomphalaria, yai lina mwiba pembeni, linatafutwa kwa choo, madhara ni ini na mishipa yake mpaka mtu anatapika damu huku ini lenyewe bado linafanya kazi vizuri tu. S. haematobium, ambayo tunaijua sana kwa Pwani, ina konokono Bulinus, yai mwiba uko mwishoni, linatafutwa kwa mkojo wa saa za mchana, na madhara ni kibofu hadi saratani yake. Prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo kwa zote mbili, inaua minyoo mikubwa, michanga inapona, so anayerudi majini kila siku anarudia dawa.

Endelea na programu yako basi, lakini kwa kila seti ya maswali ya Marekani utakayofanya tafuta karatasi za mitihani ya zamani za chuo chenu na wewe mwenyewe utunge swali moja la mgonjwa uliyemwona wodini hapo Nakuru.

Slaidi ya malaria kwa mtihani wa vituo

*Dakta mimi ni wa maabara, Kakamega. Nikifika kwa kituo cha darubini mikono inatetemeka, dakika zinaisha sijajua ni falciparum ama nini. Niangalie nini kwanza?*

Kwanza shusha pumzi, halafu kabla hujaweka jicho kwa darubini angalia slaidi kwa macho. Kama ni tone nene la duara, hilo ni la kujua kama vimelea vipo na ni vingapi. Halijakaushwa kwa methanoli, kwa hivyo maji yamepasua seli nyekundu zote, na usihangaike kutafuta umbo la seli manake seli hazipo. Kama ni utando mwembamba wenye mkia, huo umekaushwa kwa methanoli, seli zipo, na swali litakuwa ni aina gani.

Kwa utando nenda pale seli zimekaa moja moja hazijapandana. Uliza saizi ya seli iliyoambukizwa. Ikiwa ya kawaida, pete ni nyembamba, saa zingine pete 2 ndani ya seli moja, pete ina nukta 2 ama imejibandika ukingoni, hiyo ni falciparum, na ukiona gametosaiti, ile hatua ya uzazi ya kimelea, yenye umbo la ndizi umemaliza, andika usonge mbele. Seli ikiwa kubwa na ina vitone vya waridi fikiria vivax ama ovale, ovale seli imerefuka na ukingo umechanika chanika, na vivax kwetu huku ni nadra kwa sababu watu wengi hawana ile antijeni ya Duffy anayoitumia kuingia. Ukiona kimelea kimejinyoosha kama mkanda kukatiza seli ni malariae. Kama unaona pete tu za falciparum hakuna hatua za ukubwani usishangae, zile kubwa zimejibana kwa mishipa midogo ya ubongo, figo na kondo la nyuma, na hiyo ndio sababu falciparum inaua.

Kuhesabu, unahesabu vimelea mpaka ufike seli nyeupe 200, unazidisha kwa 8,000, unagawanya kwa 200. Ukipata vimelea 500 basi ni 20,000 kwa kila maikrolita. Fanya hiyo hesabu mpaka iwe haikusumbui.

Mtego mwingine ni kipimo cha haraka. Kile cha HRP2, protini ya falciparum, kinabaki chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, so mtoto aliyemaliza dawa wiki 2 zilizopita na bado kipimo ni chanya, homa imerudi, wanataka useme utaangalia slaidi, na pia utafute sababu nyingine ya homa. Ukiulizwa matibabu ya malaria kali, artesuneti ya mshipa saa 0, saa 12, saa 24, halafu mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza, kisha dozi kamili ya siku 3 ya artemetha-lumefantrini, na mtoto wa chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kilo badala ya 2.4. Na kwa kuwa uko Magharibi jua chanjo ya malaria ya RTS,S pia, majaribio yake yalifanyika Siaya na Kombewa kati ya sehemu zingine, Kenya ikaanza kuitoa Homa Bay Septemba 2019, na inalenga kimelea kabla hakijaingia kwa damu.

Kazini tunapima Widal kila siku

*Mimi ni afisa wa kliniki, najiandaa kwa mtihani wa kuongeza elimu. Zahanati nyingi nilizopitia mgonjwa akija na homa anapimwa malaria na Widal, ikiwa 1:80 anapewa dawa ya taifodi. Vitabu vinasema vingine. Kwa mtihani niandike nini?*

Andika ukweli ndugu yangu, na kazini pia uufuate kadiri unavyoweza. Widal ni ya mwaka wa 1896. Inapima antibodi za antijeni O na H za Salmonella ya taifodi, na kwa sehemu ambayo watu wameshakutana na Salmonella mara nyingi, mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na 1:80 akiwa anaenda zake sokoni. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Malaria na maambukizi mengine yanaipandisha, na mgonjwa wa taifodi kweli anaweza kuwa hasi wiki ya kwanza. Kinachotakiwa ni kuotesha damu, wiki ya kwanza ndio inapata zaidi, na uboho unapata zaidi ya damu hata kama mtu ameshameza antibayotiki, choo ni cha baadaye. Wiki ya 3 ndio utumbo unaweza kutoboka pale kwenye viraka vya Peyer, vile vya kinga ukutani mwa utumbo, so mgonjwa wa taifodi ambaye tumbo limekuwa gumu ghafla ni wa daktari wa upasuaji.

Na ongeza hili manake watahini wa huku wanalijua vizuri: mtoto mwenye malaria, amepungukiwa damu sana, homa haishuki na artesuneti, fikiria Salmonella zisizo za taifodi kwenye damu. Kadhalika mtoto wa seli mundu, na mfupa wake ukiuma Salmonella iko juu kwa orodha pamoja na Staphylococcus aureus. Nyanza na Magharibi tuna watoto wengi wa seli mundu, kwa hiyo hiki kitu kinakungoja wodini kesho asubuhi.

Antibayotiki nazishikaje?

*Majina yamekuwa mengi, naomba njia fupi. Nasomea uuguzi, Kericho lakini nyumbani ni Nakuru.*

Njia fupi ni kuuliza dawa inapiga wapi. Ukuta: penisilini, sefalosporini, karbapenemu, vankomaisini. Kiwanda cha protini, yaani ribosomu, upande wa 30S ni gentamaisini na doksisaiklini, upande wa 50S ni erithromaisini, azithromaisini, klindamaisini na kloramfenikoli. DNA ni siprofloksasini, na metronidazoli inaichana kwa zile zisizotaka oksijeni. Foliki ni septrini. RNA polimeresi ni rifampisini. Basi.

Ukishajua hapo, jifunze kile kila dawa haiwezi, na hapa ndio alama nyingi zimejificha. Seftriaksoni watu wanaidunga kwa kila kitu, lakini haigusi Listeria, haigusi Enterococcus, haigusi MRSA, ile Staphylococcus aureus sugu, manake protini ya ukuta ambayo dawa inashika imebadilika ikawa PBP2a, na Pseudomonas usiitegemee. Gentamaisini inahitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria, so kwa jipu lililofungana haina nguvu. Rifampisini inaharakisha ini kuvunja dawa zingine, kwa hiyo mgonjwa wa kifua kikuu aliye kwa dolutegraviri anapewa miligramu 50 mara 2 kwa siku, na mama anayetumia vidonge vya kupanga uzazi anaambiwa mapema. Wewe kama muuguzi ndio utakayeyaona haya kwa chati kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa hiyo usiyachukulie kama ya madaktari peke yao.

Binti yangu halali

*Shikamoo daktari, mimi ni mama wa Bungoma, binti yangu anasomea udaktari amekuja nyumbani kujiandaa. Anasoma mpaka majogoo, chai inapoa mezani, nikimuuliza anasema mama huwezi kuelewa. Nimsaidieje?*

Marahaba mama, na asante kwa kuandika. Utaelewa, na unaweza kumsaidia kuliko unavyofikiria. Jioni baada ya kula mwambie akae akueleze ugonjwa mmoja, wewe uwe ndio mgonjwa, umuulize yale mgonjwa angeuliza. Mfano kifua kikuu. Muulize kwa nini nimeze dawa miezi 6 na kikohozi kimeisha mwezi wa kwanza. Anatakiwa akuambie kwamba kijidudu hiki kinajigawa karibu mara moja kwa siku wakati E. coli inajigawa kila dakika 20, na vingine vinalala kabisa, dawa haivipati mpaka viamke. Muulize kwa nini dawa 4 mwanzoni. Akuambie kwamba ukitumia moja, vile vichache vinavyoivumilia ndivyo vitabaki na kuzaana. Muulize kwa nini mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa, ajibu rifampisini haina neno, halafu muulize miguu inawaka moto, ajibu isoniazidi na vitamini B6, halafu macho yameanza kutoona rangi vizuri, hapo asikie hatari, ethambutoli isimame aone daktari. Akikwama mahali, hapo ndipo hajaelewa, na ataona mwenyewe bila wewe kumwambia.

Kuhusu usingizi mwambie nimesema mimi, saa 4 usiku afunge. Kichwa kinapanga yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala, anayekesha anajaza ndoo inayovuja. Na chai anywe ikiwa moto mama, wewe msimamie.

Mtihani wa mdomo

*Nikiulizwa kitu sikijui kabisa mbele ya watahini watatu niseme nini? Mwaka wa 5, Kisumu.*

Usinyamaze na usibuni. Rudi kwa mgonjwa useme ungefanya nini kwa mpangilio. Wakikuletea kipindupindu na jina la aga limekutoka, sema mgonjwa huyu amekauka, mtoto wa zaidi ya mwaka 1 nampa maji ya Ringer mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa halafu 70 kwa saa 2 na nusu, wa chini ya mwaka hiyo ya kwanza ni saa 1 na ya pili ni saa 5, naanza ORS mara tu anapoweza kunywa kwa sababu sumu ya Vibrio haijaharibu ule mlango unaoingiza sodiamu pamoja na glukosi, natuma choo, naarifu afya ya umma ya kaunti. Ukifika hapo mara nyingi jina la aga, TCBS, na yale makoloni ya manjano yanarudi yenyewe kichwani.

Kwa homa kali sema damu ya kuotesha inachukuliwa kabla ya antibayotiki, lakini kwa homa ya uti wa mgongo ukichelewa kupata maji ya uti wa mgongo dawa haingoji. Ukisahau jina la dawa taja kundi lake, na ukisahau hata kundi sema inapiga wapi kwa bakteria, watahini wengi watakusogeza kutoka hapo mpaka ulikumbuke.